Nani Akae na Nani

Brad Fitzpatrick alipoanzisha LiveJournal mwaka 1999, alitaka tu rafiki zake wa sekondari wapate habari zake. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Seattle, Marekani. Kila aliyejiunga alikuwa na shajara yake, wengine wakisoma na kuchangia, na maneno yote yakaingia katika hifadhidata moja ya MySQL. Rafiki wakaita rafiki, na baada ya miaka michache waandishi walihesabiwa kwa mamilioni. Nataka kuisifu kazi iliyofanyika katikati hapo, kazi ya kuigawa hifadhidata ile katika mashine nyingi huku watu wakiendelea kuandika humo usiku na mchana.

Seva za tovuti hazisumbui sana. Hazikumbuki lolote la jana. Ukizidiwa na wageni unaongeza ya pili, ya tatu, ya kumi, na mgeni hajui amehudumiwa na ipi. Hifadhidata ndiyo yenye kukumbuka, na kila anayeiuliza anataka jibu lile lile. Basi dawa ya kwanza, ambayo karibu kila fundi huanza nayo, ni kuweka nakala: seva kuu inapokea maandishi yote, seva nyingine zinayarudia neno kwa neno, na wasomaji wanapelekwa huko kwenye nakala. LiveJournal nao walipita njia hiyo. Ni dawa nzuri, nayo huponya kwa muda.

Ubaya wake uko kwenye hesabu. Tuseme kila mashine inamudu kazi 1,000 kwa sekunde, na watu wanaandika mara 200 kwa sekunde. Nakala tano, kila moja ikiisha kurudia maandishi yale 200, zinabakiwa na nafasi ya kusomwa mara 4,000 kwa jumla. Hapo fundi analala vizuri. Watu wakiongezeka hata wakaandika mara 800 kwa sekunde, kila nakala inabakiwa na nafasi 200 tu, na zote tano hazifikishi zaidi ya 1,000. Fedha yote uliyotoa imekwenda kununua mashine za kuandika jambo moja mara tano. Maandishi yakifika 1,000, hata ukiwa na nakala mia moja hakuna itakayopata nafasi ya kumsomea mtu mstari mmoja. Na kabla hujafika huko nakala zinaanza kuchelewa: mtu anaandika habari za msiba nyumbani kwao, anafungua ukurasa, haoni kitu, anadhani maneno yamepotea, anaandika tena.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, kwa sababu kurudia hakusaidii tena na inabidi kugawa. Kugawa data ni rahisi ukiitazama kwa mbali: nusu huku, nusu kule. Kazi ipo katika kuamua nani akae na nani. Mafundi wa LiveJournal waliamua kwamba mtu asikatwe vipande. Kila mtumiaji alipangiwa klasta moja, yaani kikundi kimoja cha seva, na vyote vilivyo vyake vikakaa humo: maandishi yake, mipangilio yake, na maoni yaliyoachwa kwenye shajara yake. Likabaki jedwali moja la pamoja, dogo, lenye kusema mtumiaji fulani yuko klasta namba fulani. Lilifanya kazi ya balozi wa nyumba kumi, ambaye haulizwi mtu anakula nini wala anawaza nini, ila anaishi wapi. Kwa sababu jedwali hilo linajua machache, linajibu upesi. Na kwa sababu linaandikwa kwa nadra, zile nakala zilizoshindwa mwanzoni sasa zinalifaa kabisa.

Tazama maoni yalivyowekwa, maana naona busara ya mpango wote imo humo. Maoni yana watu wawili: aliyeyaandika na mwenye shajara yalikoandikwa. Yakae na nani? Yakikaa na mwandishi wake, kufungua ukurasa mmoja wenye wachangiaji hamsini kutamaanisha kubisha hodi klasta baada ya klasta. Waliyaweka kwa mwenye shajara. Kwa mwandishi wa maoni wakaacha kumbukumbu fupi tu, kwamba siku fulani alichangia kwenye shajara ya fulani, bila maneno yenyewe. Walikubali kuandika mara mbili kitu kidogo ili wasisome mara hamsini kitu kikubwa. Vitabu vya hifadhidata vinakataza kuweka taarifa moja mahali pawili, na vina sababu zao; lakini fundi mzuri hujua lini sheria hiyo inamgharimu kuliko inavyomlinda.

Namba nazo zilibidi kufikiriwa upya. Hifadhidata ikiwa moja, kila andiko jipya hupewa namba inayofuata na hakuna mgongano. Zikiwa kumi, kila moja itatoa andiko namba 5 la kwake. Jibu lilikuwa kuacha kabisa namba ya dunia nzima: andiko likatambulishwa kwa vitu viwili pamoja, namba ya mwenye shajara na namba ya andiko ndani ya shajara hiyo. Hapo kila mtu anahesabu kwake kuanzia moja, na klasta hazina haja ya kuulizana. Ila namba zinazofuatana hivyo zinamwezesha mdadisi kuotea anwani za maandiko ya watu. Kwa hiyo waliizidisha namba ya andiko kwa 256, wakaongeza namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 255. Andiko la 5 lililopata 37 linaonekana kwenye anwani kama 1317. Mpaka leo anwani za shajara hizo zinaruka ruka namna hiyo, na msomaji wa kawaida hana sababu ya kujiuliza kwa nini.

Kuhamisha mtu kutoka klasta iliyojaa kwenda iliyo tupu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Kwanza mtumiaji anawekewa alama kwamba kwa sasa anaweza kusoma tu. Kisha kila mstari wake unanakiliwa kule aendako. Vyote vikishafika, jedwali la pamoja linabadilishwa namba ya klasta, na alama inaondolewa. Kufuta ya zamani kunasubiri mpaka mwisho kabisa. Mpangilio huu hauvumilii kupinduliwa. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, anwani bado inaonyesha kule kule kwa zamani na mali yote bado ipo pale. Kilichopotea ni muda tu. Nimekaa nikajaribu kutafuta hatua ambayo ukiikata inamwacha mtu bila maandishi yake, na haipo. Ulinzi wote huo umepatikana kwa kujua tu kipi kitangulie na kipi kifuate.

Kwa usalama zaidi, klasta zikaja kujengwa kwa mashine mbili mbili, kila moja ikinakili ya mwenzake lakini moja tu ikitumika kwa wakati. Ukitaka kurekebisha jedwali kubwa unaanza na ile iliyopumzika, kisha unazibadilisha zamu. Moja ilitoa namba shufwa, ya pili namba witiri, zisije zikagongana zamu zinapobadilishwa.

Mgawanyo huu una gharama yake. Ukurasa uliopendwa kuliko zote LiveJournal ulikuwa ule wa marafiki, unaokusanya maandiko mapya ya watu uliowachagua, nao rafiki zako wametawanyika klasta zote. Katika shida kama hizo ndimo ilimotoka memcached, mwaka 2003. Fitzpatrick aliona kwamba mashine zake nyingi zilikuwa na memori isiyotumika, kidogo hapa na kidogo pale, akaamua kuziunganisha zote ziwe ghala moja la majibu yanayoulizwa mara kwa mara. Aliiandika kwanza kwa Perl. Anatoly Vorobey akaiandika upya kwa lugha ya C. Seva za memcached hazijuani hata kidogo: anayeuliza ndiye anayepiga hesabu kwenye jina la kitu anachotaka, na hesabu inamwambia aende seva ipi. Mwaka 2004 Fitzpatrick aliandika kwamba karibu asilimia 92 ya maulizo yalipata jibu humo, bila kuigusa hifadhidata. Baadaye Facebook, Twitter na Wikipedia nao waliitumia.

Januari 2005 umeme ulikatika katika jengo zilimokuwa seva zao huko Seattle, na LiveJournal ikazimika zaidi ya siku nzima. Umeme ulirudi mapema kuliko tovuti, kwa sababu hifadhidata kadhaa zilikutwa na hitilafu: kuna diski zilizokuwa zimejibu kwamba maandishi yameshahifadhiwa ilhali yalikuwa bado kwenye memori yao ya muda. Mafundi walilazimika kuzikagua hifadhidata moja moja. Fitzpatrick akatoa programu ndogo ya kuzipima diski: mashine moja inaandika, na kila diski inapodai imehifadhi, inatuma taarifa kwa mashine ya pili, halafu wewe mwenyewe unachomoa waya wa umeme ukutani, unawasha tena, na ile ya pili inalinganisha yaliyodaiwa na yaliyomo. Namheshimu sana mtu anayejibu hasara kwa kuwapa wengine kipimo.

Siku hizi ziko programu kama Vitess, iliyoanzia YouTube mwaka 2010, zinazogawa MySQL na kuhamisha vipande vyake bila fundi kuandika kila hatua kwa mkono. Hata hivyo, lazima uziambie safu ipi itumike kugawa, na jibu hilo wanalo wanaoijua kazi yenyewe. Anayejenga soko la mtandaoni leo, Dar es Salaam au Nairobi, anakutana na oda yenye mnunuzi na muuzaji, kama mafundi wale walivyokutana na maoni yenye watu wawili. Akiiweka oda kwa mnunuzi, muuzaji anayetaka kuona mauzo yake ya leo atasababisha kila klasta iulizwe. Akiiweka kwa muuzaji, mnunuzi ndiye atakayesubiri. Labda aiweke kwa muuzaji na kumwachia mnunuzi kumbukumbu fupi. Lakini kwanza itabidi akae na wauzaji na wanunuzi wake, awatazame wanafungua ukurasa gani asubuhi.