Pongezi kwa Waashi wa Mawe Meusi wa Goma

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulilipuka, na lava ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu. Kathedrali ya Mtakatifu Yosefu iliteketea pamoja na maelfu ya nyumba. Lava ilipopoa, waashi walishika nyundo, wakapasua mawe yaleyale yaliyomeza makazi ya watu na kuyajengea kuta mpya. Nawavulia kofia.

Mtazame mmoja akiwa kazini. Analigeuza jiwe kutafuta upande ulionyooka, anamega kingo zake kwa nyundo, analilaza juu ya saruji, kisha anavuta kamba kuona kama mstari umekaa sawa. Jiwe hili lina matundu na makali, linachana vidole. Mashine hakuna, jicho ndilo kipimo.

Wapenda majengo ya kale hufunga safari kwenda kuona vinu vya upepo vya Uholanzi na makanisa ya Ulaya, na wana haki. Lakini hata huko mawe ya volkano yamo: kathedrali ya Clermont-Ferrand, Ufaransa, iliyoanza kujengwa mwaka 1248, ni nyeusi kwa sababu imejengwa kwa mawe ya volkano. Mawe ya kusagia ya vinu vingi vya Uholanzi nayo yalichimbwa Eifel, Ujerumani, katika lava iliyopoa zamani.

Kazi ya waashi wetu ni ya ukoo huohuo. Ningefurahi kuona shule za ufundi za Goma zikiwaita wazee hawa wawafundishe vijana kuchonga, na wasanifu wakiwashirikisha tangu ramani inapochorwa.