Mshono wa Mkeka

Ukitaka kujua nyumba ya Ndera imepambwa vipi, usiinue macho ukutani. Ukutani utakuta kalenda ya mwaka juzi, mlangoni pazia ya leso, basi. Urembo wenyewe umetandikwa sakafuni, na mikono iliyoutengeneza ilikuwa ikirudi kwake kila ilipopata nafasi baina ya shamba, kuni na jiko.

Ndera ni nchi ya Wapokomo, kandokando ya Mto Tana, kaskazini ya Garsen. Msitu wa huko ni mwembamba, umeushika mto pande zote mbili. Ukiuacha nyuma kidogo tu, umeingia nyika ya wafugaji. Ndani ya msitu humea mkindu, na penye jua zaidi humea mkoma. Miti hiyo miwili ndiyo duka la vitambaa la akina mama. Mkoma hutoa miyaa mipana, migumu, ya majamvi na vikapu. Mkindu hutoa ukindu mwembamba na laini, na mkeka atakaokaribishiwa mgeni husukwa kwa huo.

Kazi huanzia kwenye kuti changa, lile la katikati ambalo bado limefumba. Jua halijalipata, kwa hiyo ni jeupe na hukunjika bila kuvunjika. Ajuaye kukata hulichukua hilo peke yake akauacha moyo wa shina salama, maana shina lililokatwa moyo limekufa. Kindu huchambuliwa, zikaanikwa hadi zikauke vizuri. Zinazotakiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga ya dukani, nyekundu, zambarau, kijani. Baada ya hapo kila ukindu huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu ili upana ulingane na wa wenzake. Mtazamaji huchoka hapa, akaomba aonyeshwe kusuka. Lakini mkeka mbovu huzaliwa hapa hapa. Kindu zikipishana unene, ukili utapinda upande mmoja, na ukishapinda hakuna atakayeunyoosha.

Ukili ni utepe mrefu, upana wake vidole vichache, na mkeka mzima si chochote ila kili zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Msusi huketi chini, miguu ameinyoosha, akasuka huku akiongea, huku akimtazama mtoto, huku akijibu salamu za wapita njia. Ukindu mmoja ukikaribia kuisha huchomeka mwingine, na ncha zote mbili zikafichwa chini ya zile zinazopita juu. Hupenda asubuhi mapema, au siku ya mawingu, kwa sababu joto la mchana hukausha ukindu ukawa unakatika. Akilazimika kusuka saa saba, maji yako ubavuni, ya kulowesha vidole.

Nakshi nayo huingia wakati huo huo wa kusuka. Hakuna kuchora wala kupima kwa rula. Ukindu wa rangi hupita juu ya kadhaa na chini ya kadhaa, na hesabu iko kichwani. Ukikosea leo, kosa halionekani leo. Litajitokeza mbele, pale pembe ya nakshi inapokataa kufunga, na dawa yake ni kufumua. Na kumbuka kwamba ukili uliokwisha sukwa huviringwa ukawekwa kando. Msusi haoni mkeka wake. Anaona kipande kilicho baina ya vidole vyake, naye anapanga kitu kipana kama kitanda ambacho hakitakuwapo mpaka siku ya kushona. Nimewahi kusikia watu wakiiita hii kazi ya kupotezea wakati. Wajaribu siku moja kukumbuka hesabu hiyo na mtoto analia.

Siku ya kushona ndiyo siku ninayoipenda mimi. Hutolewa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na uzi uliosokotwa kwa mimea ile ile. Ukiutazama ukingo wa ukili utaona kwamba kila ukindu ulipofika mwisho ulijikunja ukarudi ndani, ukaacha kijikunjo. Kili mbili hulazwa zikigusana, na shazia hupita katika kijikunjo cha huyu, kisha cha yule, kisha cha huyu tena. Uzi ukivutwa, kingo mbili huingiana na uzi ukapotea ndani. Uvute kidogo mno, mkeka utakuwa na nyufa ambamo mchanga na mchele vitakaa. Uvute kupita kiasi, mkeka utajikunja ukikataa kulala, na mgeni ataamka na mgongo unaouma. Baina ya hayo mawili hakuna kipimo ila mkono wenyewe.

Tena nakshi lazima zikutane. Msumeno wa zambarau uliosukwa mwanzoni mwa kazi sharti uelekeane na mwenzake wa siku nyingi baadaye, jino kwa jino, na mshonaji huusogeza ukili mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka wapatane. Ndiyo maana mnunuzi husifia rangi, lakini msusi mwenzake huupindua mkeka akaupitisha kiganja upande wa nyuma. Akikosa kuuhisi mshono, hutikisa kichwa, na hiyo ni sifa tosha.

Kwa asiyejua kusuka, ipo kazi ndogo ambayo hata mwenye mkono mzito ataiweza: kuuzungushia mkeka ukingo wa nguo. Chukua leso iliyochoka katikati. Pindo lake kwa kawaida bado lina nguvu, maana halikukaliwa wala halikusuguliwa. Likate kwa upana wa vidole vinne, likunje katikati kwa urefu, uupige pasi mkunjo, kisha uvishe ukingo wa mkeka, nusu juu na nusu chini, kingo mbichi za nguo zikiwa zimekunjwa ndani. Shona kwa mkono, kwa uzi mzito, mishono mirefu. Cherehani hutoboa matundu ya karibu karibu, na ukindu uliotobolewa hivyo hukatika kwenye mstari. Pembeni usivute nguo kuizungusha. Ikunje kama bahasha, ushone mkunjo peke yake. Chagua leso ambayo rangi yake moja tu imo ndani ya mkeka. Zikifanana zote, chumba hupoa. Zikikosana zote, macho hayana pa kupumzika.

Mikeka ya plastiki imefika Ndera kama ilivyofika kila mahali, na sitaidharau. Huoshwa kwa ndoo moja ya maji, haiozi, na mwenye nyumba huinunua asubuhi akaitandika adhuhuri. Lakini mchana wa Tana hukuchoma ukiilalia, na ikipasuka imepasuka, haina pa kushikwa.

Ukindu una mashaka yake pia. Mkindu ni chakula cha mangabi wa Mto Tana, nyani asiyepatikana kwingine duniani, ambaye kwa ajili yake na ya mbega mwekundu sehemu ya msitu huu ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1976. Mtafiti Margaret Kinnaird alichapisha makala mwaka 1992 kuhusu mti huu mmoja na jinsi binadamu na nyani wanavyoushindania. Juu ya mto yalikuja mabwawa, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yakabadilisha yale mafuriko ya majira ambayo msitu ulizoea kunyweshwa nayo. Hivyo akina mama wanaofuata kuti changa si wao peke yao wanaoamua mkindu utaishi vipi, ingawa mara nyingi wao ndio wa kwanza kulaumiwa.

Mafuriko makubwa hata hivyo hayakukoma. Yalikuja 1997, yakaja 2018, yakaja tena mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024, na familia nyingi za kando ya Tana zikahamia penye mwinuko. Kabati halibebeki kwenye mtumbwi. Mkeka huviringwa, ukafungwa kwa kamba yake, ukaenda begani, na chini ya turubai ukitandikwa panakuwa na mahali pa kukaa, pa kusali na pa kumlaza mtoto. Kwa nchi ambayo mto huingia nyumbani bila hodi, sijui pambo lililofikiriwa vizuri zaidi.

Nao huchakaa, kwanza pale katikati wanapokaa watu. Hapo shazia hurudi kazini. Uzi wa pande mbili za ukili uliokwisha hufumuliwa, ukili ukatolewa, mwingine ukasukwa kwa kipimo chake na kushonwa mahali pale pale. Kwa miezi michache mstari huo mpya utang'aa kuliko wenzake, halafu miguu ya watu itausawazisha. Ukili mbovu uliotolewa hautupwi. Hufungia mzigo wa kuni, au huziba ufa kwenye banda la kuku.