Pongezi kwa Wanaojaza na Wanaosanifu

Kwenye kliniki ya mama na mtoto mjini Babati, taarifa huanzia kwenye vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) vinavyojazwa kwa kalamu: jina, umri, uzito, chanjo. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kuingizwa kwenye DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wa nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo. Nawapongeza wasanifu wake kwa dhati, kwa sababu mradi uliozaa programu hiyo, ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ulishika msimamo kwamba mhudumu wa afya akae meza moja na mtaalamu wa kompyuta.

Wapo wanaosema muuguzi hajui programu, na kumsikiliza ni kuchelewesha kazi. Kuchelewa kupo, sikatai. Lakini yeye ndiye anayejua kwamba foleni ikirefuka, safu asiyoona maana yake itaachwa wazi au kujazwa kwa kubahatisha, na kosa la kitabuni litapanda hivyo hivyo hadi wizarani. Nusu ya sifa ni yake. Basi asikilizwe kabla fomu mpya haijachapwa.