Jumamosi za Sasebo, Mabakuli ya Hasami

Mwenye duka wa Arita humtambua mteja wa kambini kabla hajashuka garini. Pale ambapo namba za magari ya Wajapani huwa na herufi ya kwao, gari la mteja huyu huwa na herufi Y, alama ya magari ya wanajeshi wa Marekani na familia zao. Arita ni mji mdogo wa wafinyanzi katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Magari mengi ya Y yanayoegeshwa humo hutoka Sasebo, bandari iliyo mwendo wa kama nusu saa kwa treni, ambako Jeshi la Majini la Marekani limeweka kambi tangu 1946, mahali ambapo Wajapani walikuwa wamefungua kambi yao ya majini mwaka 1889.

Familia inayopangiwa Sasebo kwa kawaida hukaa kama miaka mitatu. Miezi ya kwanza huisha kwa mambo madogo: leseni ya udereva, kuzoea kuendesha upande wa kushoto (jambo ambalo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam asingelishtukia), kujua takataka ipi hutolewa siku ipi. Kisha meli huondoka. Meli za Sasebo huweza kukaa baharini miezi mfululizo, na anayebaki nchi kavu na watoto, awe mama au baba, hulazimika kuzijaza Jumamosi. Hapo ndipo matembezi yanapoanza. Familia hula ile hambaga ya Sasebo ambayo wenyeji walijifunza kwa mabaharia wa Kimarekani karibu na 1950, hupanda mashua kati ya visiwa zaidi ya 200 vya Kujukushima, huoga kwenye chemchemi za maji moto. Yote mazuri, na yote huisha jioni ileile. Kinachobaki kabatini miaka na miaka ni kauri.

Kauri na jeshi vinajuana tangu zamani katika nchi hii. Kati ya 1592 na 1598 mtawala Toyotomi Hideyoshi alipeleka majeshi Korea mara mbili. Vita havikumpa ardhi aliyoitaka, lakini mabwana wa Kyushu walirudi na mateka, na miongoni mwao walikuwamo wafinyanzi. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, ambaye Wajapani humwita Ri Sampei, ndiye anayesimuliwa kuwa aliliona jiwe jeupe la kauri katika mlima wa Izumiyama, Arita, mwaka 1616. Kabla yake Japani ilifinyanga vyombo vya udongo, baadhi vizuri mno, lakini kauri nyeupe ilikuwa kitu cha kununua kutoka China na Korea. Leo Izumiyama ni shimo kubwa lililo wazi chini ya mbingu. Mlima umechimbwa, umesagwa, umetiwa motoni, umeuzwa.

Juu ya mji lipo hekalu la Tozan. Lango lake, lililosimamishwa mwaka 1888, ni la kauri tupu, nyeupe na samawati. Reli inakata katikati ya njia ya kupandia, kwa hiyo watoto wa kambini huvuka njia ya treni ili kwenda kuligusa. Juu zaidi kilimani lipo mnara wa kumbukumbu ya Ri Sampei, uliojengwa mwaka 1917. Wenye mji wanamheshimu kama baba wa kazi yao, na wanastahili sifa kwa hilo. Ila mzazi mwanajeshi anayesoma habari zake pale juu, na kuwaeleza watoto kwamba mtu huyu aliletwa na askari, ana sababu ya kukaa kimya kidogo kabla ya kuteremka kwenda madukani.

Tuseme juu ya kazi yenyewe, maana ndiyo inayostahili wino. Kauri ni jiwe. Jiwe husagwa likawa unga, unga huchujwa kwa maji, ndipo hupatikana udongo mweupe unaofinyangika. Siku hizi jiwe lenyewe hutoka zaidi visiwa vya Amakusa, si Izumiyama tena. Chombo hufinyangwa, hukaushwa, huchomwa mara ya kwanza kwenye joto la nyuzi kama 900. Hapo huwa kigumu lakini bado kinanyonya maji. Huchorwa, huchovywa katika rojo la mawe na majivu ambalo litayeyuka na kuwa kioo, kisha hurudi motoni hadi nyuzi kama 1,300. Kikitoka, kimesinyaa kwa karibu asilimia 15. Maana yake ni kwamba mfinyanzi wa Arita hafinyangi kamwe bakuli analolitaka. Hufinyanga kubwa zaidi, na ukubwa halisi hubaki kichwani mwake mpaka tanuri lifunguliwe.

Uchoraji wa samawati ndio unaowashika wageni. Warsha kadhaa huwapa watoto sahani iliyochomwa mara moja, brashi na rangi ya kobalti, kisha huichoma na kuituma baada ya wiki kadhaa. Mtoto huduwaa kwanza kwa sababu rangi hiyo si samawati hata kidogo; kabla ya moto huwa kijivu cheusi, na anayechora lazima aamini kitu asichokiona. Kisha hugundua kwamba sahani inanyonya. Akisita nukta moja, doa. Akirudia mstari, doa jingine. Fundi aliyeketi meza ya pili ana brashi nene iliyoshiba rangi. Huiminya kwa vidole, hulisukuma dimbwi dogo la rangi ndani ya mipaka ya jani lililochorwa, na kulinyonya tena kabla halijavuka mstari. Wenyewe huiita kazi hii dami, na kwa mapokeo ya Arita ni kazi ya wanawake. Ni vigumu kumtazama fundi huyo ukaendelea kuamini kwamba mchoraji wa mistari ndiye msanii na mjaza rangi ni kibarua.

Kauri hii ilisafiri mbali mapema. China ilipoingia kwenye msukosuko wa kuanguka kwa utawala wa Ming mwaka 1644, matanuri yake ya kauri ya Jingdezhen yaliyumba, na Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ikageukia Arita. Oda kubwa ya mwaka 1659 ilikuwa ya makumi ya maelfu ya vyombo, na sehemu yake ilielekea Mocha, bandari ya kahawa ya Yemen. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa bahari hiyo ni ya nani. Pwani yetu ilikwisha kuzipenda kauri za China kiasi cha kuzipanga kwenye zidaka za kuta na kuzipachika kwenye makaburi, kama yale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam.

Wamarekani wa kambini nao ni wanunuzi wa siku nyingi. Kati ya 1947 na 1952 vyombo vingi vya Japani vya kuuzwa nje vilipigwa chapa inayosema vimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa, yaani iliyokaliwa kijeshi baada ya vita. Kampuni ya Noritake ya Nagoya, iliyoanza mwaka 1904, iliona kazi yake ya miaka ya kwanza baada ya vita haijafikia kiwango, ikaificha chini ya jina jingine mpaka ubora uliporudi. Vyombo vya aina hiyo vimo hadi leo katika makabati ya bibi wengi Marekani ambao waume zao walitumika Japani. Kwa hiyo mwanamke wa leo anayesukuma kigari cha mtoto katika barabara ya Arita anaendeleza desturi, hata kama mwenyewe anadhani ametoka tu kutafuta sahani za supu.

Na sahani zipo. Kila mwaka, kuanzia Aprili 29 hadi Mei 5, Arita hufanya soko lake la kauri, na barabara yenye urefu wa kama kilomita nne hujaa mamia ya maduka na vibanda. Watu huja kwa malaki. Wasiopenda misongamano huenda siku nyingine kwenye tanuri la Kouraku, ambalo lina ghala la vyombo vilivyobaki miaka mingi bila kuuzwa. Mgeni hulipia kikapu kwa bei moja, huvaa glavu, huingia gizani kati ya makreti yenye vumbi na kujaza anachoweza: mabakuli ya wali yaliyoagizwa na hoteli, chupa za sake zisizo na wenzake, sahani za mtindo uliopitwa. Familia za Sasebo hupapenda mno mahali hapa. Wana haki. Makumbusho hukuonyesha kilichoshinda; ghala hukuonyesha kazi ilivyo kila siku, pamoja na kilichokataliwa.

Njiani kati ya Sasebo na Arita upo Mikawachi, mtaa wa Sasebo wenyewe, ambao wafinyanzi wake waliwatumikia mabwana wa Hirado. Mchoro wao maarufu ni wa watoto wa Kichina wakicheza chini ya msonobari. Husimuliwa kwamba watoto saba walikuwa kwa ajili ya wakubwa wa juu kabisa, watano kwa mabwana wa majimbo, watatu kwa walio chini yao. Watoto wa familia ya jeshi, wanaojua vyeo tangu wakiwa wadogo, huhesabu na kuelewa papo hapo.

Lakini kama ni lazima kuchagua mji mmoja wa kusifu, makala haya yanachagua Hasami. Una watu wasiozidi 15,000, upo ng'ambo ya mpaka wa mkoa ukitoka Arita, na kwa muda mrefu vyombo vyake viliuzwa kwa jina la Arita. Kazi yake ilikuwa kulisha walio wengi. Zama za Edo matanuri ya Hasami yalipanda mlimani chumba juu ya chumba, na moja lilifika takriban mita 170, miongoni mwa marefu zaidi yanayojulikana duniani. Humo vilichomwa vibakuli vinene vya kurawanka, vyenye kitako kizito na maua yaliyochorwa kwa mipigo miwili mitatu ya brashi, vya bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Mchoraji hakuwa na muda wa kupamba, na haraka hiyo imekipa chombo uhai ambao sahani nyingi za wafalme hazina.

Mpaka leo Hasami hufanya kazi kwa kugawana: huyu hutengeneza kalibu, yule huandaa udongo, mwingine hufinyanga, mwingine hupaka na kuchoma. Wapo wanaodharau mgawanyo huo wakidhani ufundi ni mtu mmoja mwenye jina. Mji huu unawajibu kwa bakuli lenye ukingo unaokaa sawa mdomoni na kitako kinachoshikika likiwa na supu ya moto. Tangu karibu mwaka 2000, masharti ya kutaja asili ya bidhaa yalipokazwa, mji ulianza kuuza kwa jina lake, na vijana wa Japani wakampenda fundi ambaye wazee wao walimtumia bila kumjua.

Familia ikimaliza zamu yake, wapakiaji huja nyumbani, na mizigo ina kikomo cha uzito. Hapo mitungi mikubwa ya mapambo huanza kuuzwa kwa majirani. Mabakuli ya Hasami huingia sandukuni, maana yanatumika kila asubuhi na hakuna anayekubali kuyaacha.

Katika jeshi la Marekani wamo watu waliozaliwa Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Ukiwa na ndugu miongoni mwao akapangiwa Sasebo, mwambie aende Hasami kabla ya Arita, aache gari na apande treni wiki ya soko la Arita, na asinunue sahani ambayo hajaigeuza kutazama kitako chake.