Runinga Kubwa kwa Pesa Kidogo: Kagua Weusi Kabla ya Inchi

Ingia duka lolote la vyombo vya umeme kwenye Uganda Road au Oginga Odinga Street hapa Eldoret, na swali la kwanza la muuzaji litakuwa, "Unataka inchi ngapi?" Hatakuuliza kochi lako liko umbali gani na ukuta, wageni wako hukaa upande gani, wala jioni mnatazama nini nyumbani. Inchi ndiyo bei, ndiyo hadhi. Na kwa kuwa pesa za runinga ya inchi 43 ya kampuni yenye jina siku hizi hazipishani sana na za inchi 55 ya kampuni isiyovuma, mnunuzi mwenye bajeti finyu analazimika kuchagua kati ya ukubwa na ubora, ilhali duka limemwandikia ukubwa peke yake kwenye kadi ya bei.

Nitaanza kwa kuitetea inchi, maana wajuzi wengi huibeza bila haki. Inchi za runinga hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala, kwa hiyo eneo la picha hukua haraka kuliko nambari. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95, cha 55 sentimita 122, cha 65 sentimita 144. Ukitoka 43 kwenda 55 umeongeza eneo la picha kwa zaidi ya asilimia 60, na ukifika 65 umepita maradufu. Kwa mtu wa hapa anayetazama mbio za mita 10,000, ambapo kamera hukaa mbali ili kundi zima lionekane, hayo si majivuno. Ndiyo tofauti ya kumtambua mwanariadha kwa mwendo wake au kungoja mtangazaji amtaje.

Lakini ukubwa una mpaka, na mpaka huo uko sebuleni mwako. Chukua futi upime kutoka mgongo wa kochi hadi ukuta wa runinga. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa filamu inataka picha ichukue nyuzi 30 za upeo wa macho; kwa hesabu hiyo inchi 43 zinamtosha anayekaa chini kidogo ya mita 2, inchi 55 anayekaa mita 2.3, na inchi 65 anayekaa mita 2.7. Ukipungukiwa na nusu mita hutadhurika. Kilicho muhimu ni kwenda dukani ukiwa na kipimo chako mfukoni, usije ukauziwa kipimo cha muuzaji.

Ukishajua inchi zako, kibandiko cha 4K kisikupumbaze. Jicho zima, likiwa mita 3 na nusu, hutenganisha nukta zilizoachana takriban milimita moja. Kwenye kioo cha inchi 55 cha Full HD, kila pikseli ina upana wa milimita 0.63, kumaanisha kwamba ukikaa zaidi ya mita 2.2 huwezi kuziona pikseli zenyewe, sembuse kufaidi kuongezewa mara nne. Runinga mpya za inchi 50 na kuendelea karibu zote ni 4K siku hizi, kwa hiyo chukulia kwamba hiyo 4K inakuja bure. Usiihesabu kama sifa ya kuifanya runinga moja iishinde nyingine.

Tena fikiria kinachoingia ndani ya hicho kioo. Tangu mitambo ya analogi izimwe mwaka 2015 tumezoea ving'amuzi, na picha ya ubora wa kawaida inayofika kwenye vifurushi vya bei nafuu ni ya pikseli 720 kwa 576. Kioo cha 4K kina pikseli 20 kwa kila moja ya hizo. Runinga inalazimika kuzibuni zile 19 zilizobaki, na hapo ndipo processa ya bei rahisi inapoumbuka: nyuso zinakuwa kama za nta, nyasi za uwanja zinageuka uji. Inchi 65 hazitakufichia hilo. Basi omba antena au king'amuzi kichomekwe kabla hujalipa. Ile filamu ya kasuku na maua inayozunguka dukani kutwa nzima ilitengenezwa ili kila kioo kipendeze.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Runinga zote za bei nafuu ni za LCD: nyuma kuna taa zinazowaka wakati wote, na mbele kuna paneli inayozuia mwanga pale ambapo picha inataka giza. Hakuna paneli inayozuia kabisa. Ubora wa picha, kwa kiasi kikubwa, ni uhodari wa kuzuia huko pamoja na usawa wa taa zilizoko nyuma. Vyote viwili havionekani ukiwa umesimama chini ya taa kali za duka, na havikuandikwa kwenye boksi.

Paneli ziko za aina mbili kuu. VA huzuia mwanga vizuri. Nyeupe yake inaweza kuipita nyeusi kwa mara 3,000 hadi 5,000. IPS hufika karibu mara 1,000 tu, kwa hiyo ukizima taa usiku, giza la filamu linakuwa kijivu cha jivu la makaa. Miongozo mingi ya ng'ambo huishia hapo na kuisifu VA. Waandishi wake wanafikiria sebule yenye kochi moja lililoielekea runinga. Sebule ya kwetu makochi yamezunguka kuta tatu, meza ya vikombe katikati, na siku ya mechi au ya mbio aliyekaa katikati ni mmoja au wawili. Wengine wote wanatazama kwa ubavu. VA ikitazamwa kwa ubavu hupauka, rangi ya ngozi inakuwa kama imepakwa unga. IPS hubaki na rangi zake. Kwa hiyo nyumba yenye wageni wengi na taa inayowaka jioni nzima inafaa IPS, hata kama wajuzi watakucheka. Nyumba ya watu wawili wanaotazama filamu taa ikiwa imezimwa inafaa VA. Muuzaji huenda hajui ameweka ipi. Wewe simama pembeni, mahali ambapo kochi la kando lingekuwa, umtazame mtu usoni kwenye kioo. Uso usipobadilika, ni IPS au jamaa yake.

Nasema uso, na nasema uso mweusi. Ngozi yetu kwenye kivuli ni mtihani mkali kuliko ua lolote. Paneli dhaifu huufanya upande wenye kivuli kuwa doa moja lisilo na shavu wala taya. Tafuta mahojiano ya usiku baada ya mbio, utaona mara moja.

Kuna video moja ambayo ningemshauri kila mnunuzi wa mji huu aiombe kwa jina, nayo iko YouTube: Eliud Kipchoge akikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza kwa saa 1:59:40. Wengi wa Eldoret waliiona siku hiyo barabarani, kwenye skrini kubwa iliyokusanya umati mjini. Kama kipimo cha runinga, haina mfano. Lami ya kijivu inajaza kioo dakika nzima huku kamera ikisonga. Kodolea macho hiyo lami, wanariadha waache kwanza. Ukiona madoa meusi au mistari ya wima ambayo haisogei wakati barabara inasogea, hayo ni madoa ya kioo chenyewe au ya taa zake, na utayaona kila Jumamosi kwenye nyasi za mpira mpaka utakapoiuza. Kisha watazame wale waliomwongoza kasi, waliovaa nguo nyeusi. Mikunjo ya nguo inaonekana, au wamekuwa vivuli tupu? Fulana nyeupe ya Kipchoge ina mikunjo yake, au imeungua kuwa nyeupe tupu? Mistari ya kijani ya leza iliyomulikwa barabarani na gari la mbele ibaki myembamba na safi. Miguu isiache mkia nyuma yake; ikiacha, paneli ni nzito kubadilika, na hakuna menyu itakayoiponya.

Kabla ya yote hayo, chukua rimoti. Runinga za dukani huachwa kwenye hali ya picha kali kuliko zote, mwanga juu kabisa na nyeupe yenye ubuluu, kwa sababu jicho la mpita njia huvutwa na inayong'aa zaidi. Weka hali ya sinema au filamu. Itaonekana ya manjano kidogo kwa dakika chache, halafu jicho litazoea. Linganisha runinga mbili zikiwa zote kwenye hali hiyo, la sivyo hujalinganisha kitu. Mwisho weka picha nyeusi tupu na umwombe muuzaji azime taa za upande huo. Kona zikivuja mwanga kama mlango usiofunga, umeshapata jibu.

Na kibandiko cha HDR, yaani picha yenye mwanga na giza vilivyoachana zaidi, kwenye bei hizi kinamaanisha runinga inaweza kuisoma ishara hiyo tu. Mwanga wa kuionyesha haina.

Neno kuhusu uhai wa taa hizo. Runinga kubwa ya bei nafuu hubana gharama kwa kuweka taa chache na kuzisukuma kwa nguvu. Zimepangwa kwenye vipande, zimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo moja ikikatika kipande kizima huweza kuzimika. Dalili yake fundi yeyote mjini anaijua: sauti inaendelea, kioo ni giza, na ukimulika tochi kwa mshazari unaiona picha ikicheza kwa mbali. Hilo hutengenezeka. Kioo kikipasuka, gharama yake inakaribia bei ya runinga mpya, na ndiyo sababu runinga husafirishwa ikiwa imesimama, hata kama dereva wa matatu anaapa kwamba kulala ni salama. Ukifika nyumbani, shusha mwanga wa taa za nyuma hadi karibu nusu; taa zitadumu zaidi na weusi utakuwa mweusi zaidi. Nunua na TV guard siku hiyo hiyo. Radi za huku hazingoji mwisho wa mwezi.

Uamuzi wangu, basi. Kati ya inchi 43 ya jina kubwa na inchi 55 ya jina dogo iliyopita mtihani wa lami na wa kona, ningechukua 55 bila kusita, kama kochi liko mita 2 au zaidi. Kati ya 65 yenye madoa na 50 iliyo sawa kote, ningechukua 50 na chenji nikalipie intaneti nzuri, kwa kuwa Netflix wenyewe wanapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K. Na nisingenunua runinga ya ukubwa wowote ambayo bado imefungwa ndani ya boksi. Hata runinga mbili za modeli moja hutofautiana kwa madoa, kwa hiyo washa ile ile utakayobeba, siyo ya maonyesho. Mwenye duka akikataa kuifungua au kuzima taa kwa dakika mbili, mshukuru na uende duka linalofuata.