Mama, Mtoto na Mjukuu

Ukiingia shamba la migomba lililo mikononi mwa fundi, kwenye vilima vya Ngara mkoani Kagera, usianze na mikungu. Inama utazame chini, penye shina. Utakuta migomba mitatu tu: mmoja umebeba mkungu, wa pili umemfika mtu kifuani, wa tatu ndio kwanza unachomoza majani. Mama, mtoto, mjukuu. Imebaki mitatu kwa sababu mingine mingi imeuawa, na kuua huko ndio ufundi ninaotaka kuusifia.

Tunguu la mgomba lina macho pande zote, na kila jicho linataka kuwa mgomba. Ukiyaachia yote, utapata kichaka kinachogombania mbolea ileile na mikungu isiyozidi kiganja. Kwa hiyo lazima mtu achague, na hapa ndipo mgomba unapomdanganya mgeni. Machipukizi huja kwa sura mbili. Lipo lenye majani mapana, limenawiri, mtu akilitazama anaona shibe. Na lipo lenye majani membamba kama sime, limesimama wima, shina lake nene chini na jembamba juu, kama halijala siku nyingi. Mgeni huacha lile la kwanza. Fundi hulikata bila kufikiri mara mbili.

Sababu iko ardhini. Chipukizi la majani mapana limeshikana na mama kwa udhaifu. Halipati chakula cha kutosha kwake, basi linajitandazia majani mapema ili lijitafutie. Lile la majani membamba bado linanyonya. Tunguu lake linajazwa na mama, na halina haraka ya kutanua majani. Likifika zamu yake, ndilo litakalozaa mkungu wa maana.

Kisha kuna suala la upande. Kila chipukizi hutoka kandokando ya mama, kwa hiyo shina la migomba huhama polepole mwaka hadi mwaka. Ukiacha mtoto kushoto hapa na kulia kule, baada ya miaka kadhaa nafasi ulizopima zimevurugika: huku migomba inabanana, kule jua linachoma udongo mtupu. Mwenye shamba makini huamua upande mmoja, mara nyingi wa macheo, na kila shina linafuata. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba mashina yapatayo 1,111, na yote yanatembea pamoja. Mimi sijui kazi nyingine ya shamba inayomdai mtu kukumbuka uamuzi wake kwa muda mrefu hivyo.

Kuua nako kuna namna. Kukata kwa panga usawa wa ardhi ni kupogoa tu. Wiki haijaisha, kiini kimechomoza tena. Inabidi kiini chenyewe kitobolewe kwa ncha ya mtaimbo, taratibu, bila kuchokonoa tunguu la mama.

Na chipukizi linalong'olewa kwa ajili ya mbegu? Hapo mkono unabadilika. Mche hubeba wakazi wa shamba ulikotoka: bungua, ambaye funza wake hutoboa tunguu, na minyoo ya mizizi isiyoonekana kwa macho. Tunguu humenywa kwa kisu hadi libaki jeupe, mizizi yote ikitupwa mbali na shamba. Wengine huongeza kulitumbukiza katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Sekunde hizo zinahitaji roho ngumu, lakini mche hautokoti.

Kati ya mwaka 1997 na 2002 mradi wa maendeleo ya jamii wa KCDP ulileta Kagera aina mpya za migomba, miche iliyooteshwa maabara huko Leuven, Ubelgiji. Miongoni mwake ilikuwamo Yangambi Km5 kutoka Kongo, ndizi ngumu kwa magonjwa lakini inayochipua bila kiasi. Ukitaka kumpima mpogoaji, mpe shina la Yangambi.

Mwaka 2006 ukaingia mnyauko wa bakteria, na panga lililokuwa likisaidia likawa mchukuzi wa ugonjwa kutoka shina hadi shina. Ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa shina zima na kulizika, mjukuu na wote. Baadaye watafiti waliona kwamba bakteria hawafiki kila mara kwa watoto wote. Ukiukata mapema mgomba unaoumwa, na kurudia hivyo kila dalili inapoonekana, waliobaki wanaweza kupona. Kwa hiyo fundi wa leo hutembea na moto au ndoo ya maji yenye jiki, akisafisha panga kabla ya kugusa shina linalofuata, na huvunja ua dume kwa kijiti chenye panda ili nyuki wasilete maradhi.

Biharamulo, ambako mvua ni haba kuliko vilima vya Ngara na muhogo umeshika nafasi kubwa, mche mmoja uliopotea ni hasara inayouma zaidi. Huko inafaa ile njia ya kuvua magamba ya tunguu, kukichanja kiini, na kulilaza ndani ya vumbi la mbao chini ya nailoni. Macho yaliyolala yanaamka, na tunguu moja linatoa miche mingi. Lakini hata miche hiyo inaurithi ugonjwa wa mama. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, kuna virusi vinavyoidumaza migomba, na chipukizi la mgomba uliougua linaweza kuonekana zima siku ya kung'olewa. Ndiyo maana ninaponunua mche sianzi na bei. Naomba kuonyeshwa mama yake, na ikiwezekana akiwa na mkungu.