Shavu la Kushoto, Shavu la Kulia

Mwaka 1962, nzi waumao walioibuka baada ya mvua kubwa nusura wawamalize simba wa Kreta ya Ngorongoro. Walibaki 10 hivi. Miaka michache baadaye wakaingia madume 7 kutoka nje, na ukoo wote uliofuata ukatokana na waasisi 15. Tumeyajua haya kwa sababu watafiti Craig Packer na Anne Pusey waliwaomba wageni waliowahi kushuka kreta picha zao za zamani, wakazilinganisha na kumbukumbu za simba waliokwisha kutambuliwa. Orodha mbili, na sura zilezile zikijirudia huku na huku. Kazi hiyo ya kuoanisha ndiyo ninayoisifu hapa.

Anayetunza kanzidata anaujua mtego wa kazi hiyo. Tuseme jike mmoja ana kadi 2 za utambulisho, kwa kuwa mtu mmoja alichora shavu lake la kushoto na mwingine la kulia, na katika daftari la walioonekana yumo mara 3. Ukiunganisha majedwali hayo kama yalivyo, utapata mistari 6. Kompyuta haijakosea: imeipa kila kadi kila tukio, kama ilivyoagizwa. Huko bondeni yuko jike mmoja tu. Basi mwenye haraka hufuta kila kinachojirudia, na hapo hasara huwa kubwa zaidi, maana alionekana Lerai, kisha Ngoitokitok, kisha kando ya Ziwa Magadi, na matukio hayo ndiyo yanayotueleza nyendo zake. Fundi husafisha upande wa kadi hadi kila simba abaki na moja, na upande wa matukio akauacha na wingi wake.

Kuijua hiyo kadi moja ndiko kwenye utamu wa kazi. Mwaka 1970 watafiti Pennycuick na Judith Rudnai walieleza, kwa simba wa Nairobi, namna ya kusoma vidoa vya sharubu. Unatazama vidoa vya safu ya juu vimekaa wapi juu ya safu inayofuata. Mpangilio huo haubadiliki simba akikua, na shavu la kushoto halifanani na la kulia. Sikio nalo ni shahidi, ila hushuhudia kwa kufuata mwendo wa miaka: picha ya zamani yenye sikio zima yaweza kuwa ya simba ambaye leo sikio lake limechanika, lakini sikio lililochanika zamani haliwezi kuonekana zima leo. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe hupoteza nusu ya thamani yake.

Ninawaheshimu zaidi wale wanaothubutu kuandika "hajatambuliwa" na kusubiri picha nyingine. Katika ukoo uliotokana na simba 15, kumhesabu mmoja mara mbili ni kuzua mzazi asiyekuwapo, na hoja yoyote kuhusu kuzaliana ndugu kwa ndugu huyumba.

Nanyi waongoza watalii mnaopita Karatu kila alfajiri kwenda kreta, mna picha nyingi simuni kuliko mtafiti yeyote. Mkimkuta simba ametulia, subirini ageuze kichwa, mpate mashavu yote mawili, kisha andikeni tarehe na mahali.